Wingu Lililopelekwa Kusamehewa

Ilikuwako nchi, na anayetaka kubisha abishe akiwa amekaa, ambayo watu wake walikuwa na deni la mawingu. Sisemi shilingi, sisemi ng'ombe. Nasema mawingu, haya haya yanayopita juu ya mapaa yetu bila kutudai kitu. Nchi hiyo iliitwa Yabisi. Aliyeidai alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya milima, nchi ya Rutuba. Deni lenyewe lilikuwa la zamani kiasi kwamba waliolikopa walikwisha kufa, na waliowakopesha nao walikwisha kufa, likabaki deni peke yake ndilo lililo hai, linakula na kunenepa.

Mambo yalianza hivi. Enzi za mababu jua lilikuja Yabisi likasahau kuondoka. Wazee wakavuka milima, wakaomba kundi la mawingu, wakapewa. Makubaliano yalikuwa kwamba mawingu yatarudishwa pamoja na watoto wao, na watoto wa watoto wao. Hakuna aliyeona ubaya hapo. Ila wingu huzaa likiwa juu ya maji mengi, na Yabisi haikuwa na ziwa. Ilikuwa na kinamasi kimoja tu upande wa kusini, nacho kidogo, mbuzi mwenye haraka hukiruka. Basi kundi likarudishwa lote, likarudishwa tena kwa hesabu ya uzazi ambao haukutokea, na bado wakaambiwa wanadaiwa.

Kila msimu ukungu ulipopanda kutoka kinamasini ukajikusanya na kuwa wingu, wachungaji walilifunga kamba ya pamba, kwa kuwa wingu halikubali kamba nyingine, wakalivuta taratibu kuvuka milima kwenda kulipa. Watu walisimama milangoni kulitazama. Watoto walilipungia mikono, wakidhani kwamba kazi ya wingu ndiyo hiyo, kupita na kupungiwa. Na ile mvua iliyobaki Yabisi ilikuwa ya vijiwingu vyembamba, vya kulowesha vumbi juu juu tu, visivyofika kwenye mzizi.

Katika nchi hiyo alikuwako mwanamke aitwaye Siwatu, na kazi yake ilikuwa ushenga. Ndoa nyingi za Yabisi zilipita mikononi mwake. Alikuwa na ulimi laini na jicho kavu. Alijua baba gani anataja mahari kubwa kwa sababu hataki kuoza, na baba gani anataja kubwa kwa sababu anataka abembelezwe. Alijisifu, wala hakujisifu bure, kwamba hajawahi kutumwa akarudi na jibu la hapana.

Nawaeleza na desturi yao ya mahari, maana ndiyo iliyoleta kisa. Yabisi mahari hupelekwa yote, juu ya sinia, hata kama nusu yake imeazimwa kwa majirani. Wazee wa binti hulifunua sinia, huyagusa yaliyomo kwa ncha za vidole, husema wameona. Halafu huchukua kitu kimoja kidogo, pengine kipande cha sabuni, na kulirudisha sinia kwa vijana wakaanzie maisha. Kwao kuonyesha ndiko kulipa. Mzee ambaye angebaki na sinia zima angechekwa mpaka siku ya kuzikwa, na huenda hata wachimba kaburi wangecheka.

Sasa, mwaka mmoja alikuja mjumbe kutoka Rutuba. Alikuwa amelowa chapachapa, maji yakimchuruzika mikononi, na watu walimfuata nyuma na vikombe. Akatangaza kwamba Baraza la Rutuba limeguswa na hali ya jirani zake, na limekusudia kuwasamehe deni lote, la zamani na la vitukuu. Watu wakaimba. Alipowaacha waimbe kidogo akaongeza kwamba lipo sharti moja. Msimu uliopita Yabisi haikulipa, na kwa sheria za Rutuba deni lililochelewa halisameheki. Kwanza walete lile wingu la malimbikizo, kubwa, zima, lionekane. Kisha watasamehewa.

Wingu lilikuwapo. Lilikuwa moja tu, limepanda kinamasini wiki hizo hizo, pana, limeinama kwa uzito wake. Watu walikwisha kulipanga. Walikuwa wamepanda mtama kwenye vumbi kama wafanyavyo wanaosubiri mvua ya karibu, na kila punje iliyokuwa ghalani ilikuwa sasa ardhini. Binti yake Siwatu, Tatu, alikuwa amefagia hata nyufa za sakafu ya ghala kutafuta mbegu. Mvua ile ikikosekana, mchwa watakula mtama, na mwaka wa pili hapatakuwa na cha kupanda. Hilo kila mtu alilijua, hata waliokuwa wakiimba.

Wazee walibishana mpaka sauti zikawaishia. Ndipo Siwatu aliposimama, akawaambia kwamba wanajisumbua bure, jambo hili ni mahari tu. Rutuba wanataka sinia lifunuliwe. Lipelekwe, waliguse, waseme wameona, watalirudisha, na deni litakuwa limekwisha kwa heshima. Akasema atalipeleka yeye mwenyewe. Wazee wakaona kweli, maana nani anajua mambo hayo kumpita Siwatu? Mlangoni, Tatu alimuuliza mama yake, na wasipolirudisha? Siwatu akacheka, akamshika shavu, akamwambia duniani hakuna watu wa namna hiyo.

Safari ya milimani haina hadithi. Alivuta kamba, wingu likamfuata, akafika.

Rutuba mvua haikuwa ikinyesha, ilikuwa ikikaa. Ilikuwa mvua laini, ya vuguvugu, isiyo na mwanzo wala mwisho, na watu walitembea ndani yake polepole kama wanaojaribu kukumbuka jambo. Barabara zilikuwa mifereji. Nyumba zilisimama juu ya nguzo, kuta zake za kijani kwa kuvu nene, mtu akiegemea anaacha umbo lake pale, na Siwatu aliona maumbo ya watu wengi ukutani, mengine ya watoto, ambao pengine sasa ni wazee. Sauti zote zilikuja kwa mbali, hata za aliyesimama karibu. Alijiona kama yumo ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Salamu yao ilikuwa kuulizana, umekauka? Na jibu la adabu lilikuwa, kidogo, tunashukuru, hata kama nguo zimemganda mtu mwilini. Cheo kilijulikana kwa mwavuli. Mtu wa kawaida hakuwa nao. Karani alikuwa na wake. Mkuu wa idara alikuwa na mwavuli na mtu wa kumshikia, na mtu huyo kisheria hakuruhusiwa kusimama chini yake. Katikati ya mji palikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake leso moja nyeupe ya pamba, kavu. Siku za sikukuu watu walipanga foleni kuitazama. Wazee wengine, wakishaitazama, walilia, na walikuwa na bahati kwamba katika nchi ile machozi hayaonekani.

Siwatu aliuliza yale mawingu yanayolipwa huwa yanafanyiwa nini. Akaambiwa, bila kuficha, kwamba yanapokewa kwa heshima, yanapimwa, na siku hiyo hiyo yanashushwa ziwani, kwa sababu pa kuyaweka hapana. Akauliza, basi mbona mnayadai? Aliyeulizwa alimtazama kwa huruma, kama ameulizwa mbona anapumua. Alisema wanayadai kwa sababu ni yao.

Aliyempokea rasmi alikuwa Bwana Tendegu, Katibu wa Idara ya Misamaha. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na kifua chake kilikoroma kila alipovuta pumzi. Ofisini kwake maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, na samaki wadogo walipita chini ya meza. Bwana Tendegu aliinua miguu kuwapisha bila kukatiza maneno yake. Alimwita Siwatu bi mkubwa, akamtilia chai, akaomba radhi kwamba ni ya baridi, kwa kuwa moto ndani ya ofisi unahitaji kibali na kibali huwa kinalowa kabla ya kusainiwa. Siwatu alimpenda, na jambo hilo lilimsumbua, maana alikuwa amekuja tayari kumzunguka.

Bwana Tendegu alimweleza kwamba msamaha si jambo la kukurupuka. Kuna kuona, kuna kukusudia, kuna kuahidi, ndipo kuna kusamehe, na kila hatua ina kamati yake na karamu yake. Kuona kulianza mara moja. Wingu lilifungwa kwenye nguzo uani pa Baraza, na wajumbe wa kamati wakalizunguka, wakalibonyeza ubavuni kama wanunuzi wa mapapai. Siwatu moyo ulimtulia. Walikuwa wanaligusa kwa ncha za vidole, kama kwao. Wakasema ni wingu zuri ila limechoka kwa safari, na malimbikizo membamba yangewaaibisha wanaosamehe. Wakalipeleka likalala juu ya ziwa. Lilirudi limenona, jeusi upande wa chini, likining'inia karibu na mapaa, na harufu yake ilimfanya Siwatu akumbuke utoto wake.

Katika kukusudia palikuwa na masharti madogo madogo. Yabisi itanunua miavuli kutoka Rutuba, mmoja kwa kila kichwa, watoto wachanga wakiwemo, kwa sababu aliyesamehewa mvua lazima aonekane ni mtu wa kunyeshewa. Hapo Siwatu alikuwa nyumbani. Alibembeleza, akaguna, akatishia kuondoka, akarudi kukaa, akataja mama zao waliokufa, mpaka miavuli ikashuka ikawa mmoja kwa kila nyumba. Alitoka pale anatabasamu. Alikuwa amefika mbali kidogo ndipo alipokumbuka kwamba hakuna mtu Yabisi aliyewahi kuhitaji mwavuli.

Halafu likaja Baraza kujadili kama waahidi. Mwanamke mmoja mwenye miavuli miwili alisema yeye anawapenda watu wa Yabisi, na ni kwa kuwapenda ndiyo maana anapinga, maana ukimsamehe mtu wingu leo, kesho hata anga lake litakuwa vivu. Mwingine akasema wakiwasamehe Yabisi, wadaiwa wengine watataka nao, na watu wa Idara ya Kupokea watakwenda wapi na watoto wao? Mwingine akapendekeza wasamehe neno lenyewe deni, liitwe ujirani, na malipo yaendelee kama kawaida. Pendekezo hilo lilipigiwa makofi sana, na makofi ya watu waliolowa yana sauti ya kusikitisha.

Mwishoni alisimama mzee mmoja asiye na mwavuli kabisa. Hakuzungumza juu ya sheria. Alisema watu wa Yabisi ndio peke yao wanaovuka milima kuja kwao. Yeye tangu utoto alikuwa akikaa dirishani kuwangoja, kuwaona wakishuka na wingu lao kwenye kamba. Wakishakuwa huru, akauliza, watakuja kufanya nini?

Siwatu alikuwa amejiandaa kukutana na uroho, hakujiandaa kukutana na upweke. Akaomba ruhusa ya kusema.

"Mkitusamehe, njooni ninyi," alisema. "Kwetu kuna majabali mapana, yana joto mpaka jioni. Tutawalaza juu yake, tutawageuza taratibu, tutawakausha. Mzee, nawe ukiwa wa kwanza."

Watu wengine walifumba macho. Bwana Tendegu, aliyekuwa anaandika, aliacha kuandika. Ahadi ya kusamehe ilipita siku hiyo hiyo, na watu wa Rutuba waliotoka ukumbini walikuwa wanatembea kwa haraka kuliko kawaida yao, wakiulizana jabali ni kitu gani hasa.

Ikafika siku ya msamaha wenyewe. Sherehe ilifanyika uani, wingu likiwa kwenye nguzo katikati, watu wamelizunguka. Sheria ya siku hiyo ilikuwa kwamba wanaosamehe na wanaosamehewa wote wakae, viganja wazi juu ya magoti, na asimame mmoja tu, yule anayehutubia. Kila ukoo wa Rutuba ulikuwa na haki ya hotuba. Msamaha ungekamilika mzungumzaji wa mwisho akikaa. Kabla ya hapo wingu lilikuwa bado mali ya aliyelileta, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kunyanyuka kulishika wala kumkatiza anayesema.

Hotuba zilikuwa nzuri, na ndefu. Zilisifu ukarimu, kisha zikasifu waliosifu ukarimu. Siwatu alisikiliza kwa adabu, huku anahesabu njia ya kurudi na mtama ulioko ardhini. Hatimaye alimwinamia Bwana Tendegu aliyeketi kando yake, akamuuliza kwa sauti ya chini watalirudisha baada ya hotuba ipi.

"Kurudisha nini, bi mkubwa?"

"Wingu. Mmekwisha kuliona."

Bwana Tendegu alimtazama, na polepole uso wake ukabadilika. Alimweleza kwa upole, kama daktari anayeeleza ugonjwa. Kinachosamehewa ni kile kilichobaki. Kilicholetwa kimeletwa. Hotuba ya mwisho ikiisha, wingu litashushwa ziwani kama mawingu mengine, na Yabisi itakuwa huru.

Siwatu alimwona Tatu mlangoni akiuliza lile swali lake, akajiona mwenyewe akicheka na kumshika shavu. Alijichukia kwa kicheko kile. Yeye ndiye aliyewashawishi wazee. Yeye ndiye aliyedhani kwamba dunia nzima hulirudisha sinia. Wakati huo huo tone moja zito lilidondoka kutoka kwenye wingu, likatua katikati ya kiganja chake kilichokuwa wazi. Wingu lilikuwa limenona kupita kiasi, lisingeweza kungoja sana.

Alimuuliza Bwana Tendegu nini kitatokea akiondoka nalo sasa. Akajibiwa kwamba mdaiwa anayenyanyuka katikati ya hotuba ameukataa msamaha. Deni litarudi lote, pamoja na sherehe hii, karamu zake, na chai.

"Ukikaa, vitukuu wako hawatadaiwa," Bwana Tendegu alinong'ona. "Mimi ningekaa."

Siwatu akafikiri. Akikaa, atarudi na uhuru mkononi, awakute watu huru wenye mashamba matupu. Watamshangilia. Kisha njaa itaingia, na hao watu huru watafanya nini? Watapanda milima hii hii, waje kwenye ua huu huu, waombe kundi la mawingu, pamoja na watoto wao na watoto wa watoto wao. Na Rutuba watawapa, kwa sababu si watu wabaya. Aliliona jambo lote mpaka mwisho wake. Katika kazi yake alikuwa amevunja, mara moja au mbili, uchumba ambao ungeleta msiba, na aliijua hisia ile, ya kuinuka kwenye mkeka wakati kila mtu anatarajia uitikie dua.

Aliyekuwa anahutubia alikuwa anamalizia. Kwenye orodha alibaki mmoja tu, Bwana Tendegu mwenyewe, kwa niaba ya Idara, naye kila mtu alijua hotuba zake ni za kushukuru na kukaa. Siwatu alikunja viganja vyake. Akanyanyuka, akaenda kwenye nguzo mbele ya macho yote, akaifungua kamba ya pamba. Walinzi walimtazama Bwana Tendegu. Hotuba ya mwisho ikiisha tu, wingu litakuwa lao, na watamfikia mwanamke yule kabla hajavuka mfereji wa kwanza.

Bwana Tendegu alisimama. Alikohoa, akafungua kinywa, akashukuru. Kisha akaendelea.

Alisema kwamba angependa kueleza historia ya msamaha, na ili aieleze itabidi aanze na kitanda cha mama yake. Kitanda kile kilikuwa kimelowa siku aliyozaliwa yeye, na kililowa siku mama yake alipokufa, na katikati ya siku hizo mbili mama hakuwahi kulala pakavu. Walinzi walikaa, kwa sababu sheria ni sheria. Siwatu alikuwa anavuta wingu kupita kwenye lango. Bwana Tendegu akaeleza kikohozi chake cha kwanza. Akaeleza samaki wa ofisini mmoja mmoja, tabia zao, na yule aliyempenda. Akataja kila wingu alilolipokea tangu aajiriwe, rangi yake na jinsi lilivyopinga kushushwa ziwani, na jinsi yeye aliyetia saini alivyokwenda nyumbani asiweze kula. Watu walikuwa wamekaa na viganja wazi, wanasikiliza. Yule mzee asiye na mwavuli alianza kutabasamu. Inasemekana baadhi yao waliinamisha vichwa, wakaanza kuota majabali.

Siwatu alivuka mifereji, akapita kwenye kuta zenye maumbo ya watu, akaanza kupanda. Mvua ile iliyokaa ilibaki chini yake kama shuka. Hakugeuka nyuma, lakini sauti ya Bwana Tendegu ilikuja naye, ikikwama kwa kikohozi, ikiendelea tena. Hakuna tena aliyeweza kuelewa anachosema, na nadhani hata yeye maneno yalikwisha kumwishia, akawa anasema majina ya vitu tu, maji, mlango, mama, maji. Wanaosimulia wanadai alizungumza mpaka sauti ikamkauka, na kwamba hicho ndicho kitu cha kwanza kukauka Rutuba. Walivyomfanya baadaye sijui. Nimeuliza, na kila ninayemuuliza ananijibu tofauti. Sauti ilipokatika, Siwatu alikuwa anateremka upande wa pili, na wingu lilikuwa limemtangulia, linavuta kamba lenyewe.

Halikungoja kufunguliwa. Lilipofika juu ya mashamba ya kwanza ya Yabisi lilijiachia, na mvua ikashuka nzito, ya kuchimba udongo, ile ambayo watoto hawakuwa wameiona. Wengine waliogopa wakaingia uvunguni. Watu wazima walitoka nje wakasimama wamepanua midomo. Hakuna aliyekuwa na mwavuli. Siwatu alifika kwake akiwa na kamba tupu mkononi, akamkuta Tatu shambani, amepiga magoti kwenye matope. Tatu alitumbukiza kidole ardhini, akatoa punje moja ya mtama, akamwonyesha mama yake. Ilikuwa imevimba, na ncha nyeupe imeanza kuchungulia.

Wazee walikuja wakikimbia, nguo zimewaganda, wanacheka kama walevi. Wakamuuliza kama ni kweli, kama wamesamehewa.

Siwatu alisema hapana. Akawaeleza yote, hakujitetea, hakuacha hata ile habari ya miavuli. Alisema deni lipo, tena limekua, na watakaozaliwa na Tatu watazaliwa wanadaiwa. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ametumwa akarudi na jibu la hapana, na alilileta mwenyewe. Wazee waliacha kucheka. Mvua iliwapiga vichwani, wakawa hawajui wasimame au waende.

"Watakuja kudai?" Tatu aliuliza, bado amepiga magoti.

"Watakuja."

"Basi watatukuta tupo," alisema Tatu. Akairudisha punje kwenye shimo lake, akaifukia.